Jiwe la Mke wa Baridi

Benchi la nje ya karakana ya friji lina miguu mitatu na tofali moja, na mchana ule marafiki watatu walikuwa wameshalikalia. Kahawa ilikuwa imechemshwa mara ya pili kwa unga uleule na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kulalamika. Mwenye karakana, fundi wanayemwita Baridi, hakuwa amelala vizuri wiki nzima. Mkewe anastaafu Ijumaa baada ya miaka thelathini ya kufua mashuka ya hospitali, na katika miaka hiyo yote Baridi hajawahi kumpa zawadi isiyoishia jikoni. Sonara kamwambia kila mwezi una jiwe lake, na ukimvisha mtu pete yenye jiwe la mwezi wake, ni kama umemwambia nakujua. Maneno hayo yalikuwa hayajamtoka kichwani.

— Kitambulisho chake kinasema tarehe mosi Januari, alisema Baridi. Sonara anasema Januari ni jiwe jekundu.

— Mbona hiyo ni tarehe yangu! alisema Profesa, msoma mita mstaafu, akichomoa kitambulisho chake. Ona mwenyewe.

— Na mimi hiyohiyo, alisema Redio, kinyozi asiyejua kunyamaza.

Baridi akatoa chake. Tarehe mosi Januari. Enzi zao, asiyejua siku yake ya kuzaliwa aliandikiwa hiyo, karani apate kwenda kula.

— Basi shemeji hana mwezi, aliamua Profesa.

— Anao. Mama yake alisema alizaliwa wakati wa mvua.

— Mvua ipi?

— Mvua, Profesa. Ile inayonyesha.

— Usije ukamvisha jiwe la mwezi wa mwenzake, alisema Redio. Nina mteja alivaa jiwe la Mei, kumbe yeye wa Septemba. Nywele zikaanza kuota upande mmoja.

— Zinaota upande mmoja kwa sababu unamnyoa wewe, alidakia Profesa.

— Haya, cheka.

— Jiwe linapimwa kama umeme, alisema Profesa. Unamlaza mtu chali, unamwekea moja moja tumboni. Lake likifika, mita inaruka.

— Mita gani? aliuliza Baridi.

— Ya mwilini.

— Kazi yote hiyo ya nini? alisema Redio. Mnunulie yote kumi na mawili, mkufu mmoja. Yagombane yenyewe. Litakalobaki linang'aa, ndilo lake.

Baridi akainamisha kichwa. Alikuwa amechoka na friji, amechoka na kelele zao, amejichoka na yeye mwenyewe. Alitaka kitu kidogo tu cha kumwambia yule mwanamke kwamba aliona. Kwamba kila aliporudi na vidole vilivyochubuliwa na sabuni, mumewe aliona, ila alikosa la kusema akaomba chakula.

Mama mmoja, mgeni pale kijiweni, alikuwa amesimama muda wote na pasi yake iliyokatika waya, akingoja wamalize.

— Samahani jamani, alisema. Kwani yeye mwenyewe anapenda rangi gani?

Baridi alijua chai ya mkewe inavyotaka sukari, alijua upande anaolalia na kikohozi chake cha alfajiri. Rangi hakujua.

Akaipokea pasi.

— Itakuwa tayari kesho, mama.

Kisha akafunga karakana jua likiwa bado kali, akaenda nyumbani. Mkewe alikuwa ametoka zamu ya asubuhi, amekaa kitandani anakunja nguo.

— Mama watoto, unapenda rangi gani?

Hakuinua kichwa.

— Nani anauliza?

— Mimi.

Mikono yake ikatulia juu ya nguo. Akasogeza rundo pembeni ipatikane nafasi.

— Kaa, alisema. Hilo sina jibu lake la haraka.