Erinayo Ochan, Aliyechora Maktaba Nzima

Marehemu Erinayo Ochan alizaliwa tarehe 9 Machi 1969 katika kambi ya polisi, Naguru, kifungua mimba wa Sajini Olal na mama yetu Adyero. Alisoma msingi hapo hapo Naguru, sekondari Gulu, kisha akasomea ukutubi Makerere. Baba alitaka askari. Alipata mkutubi, akanuna, akazoea.

Mwaka 1996 aliajiriwa katika maktaba ya chuo kimoja hapa Kampala. Tarehe 11 Desemba 1999 alifunga ndoa na Alum kanisani Ntinda, wakajenga Kawempe, wakawazaa Lakica na Okidi.

Mwaka 2019 chuo kilitaka kuondoa vitabu visivyosomwa, kipate chumba cha kompyuta. Marehemu akachora maktaba yote, kila rafu na rangi yake: nyekundu kwa vitabu vinavyoazimwa sana, nyeupe kwa visivyoguswa. Aliitandaza ramani ile sebuleni, ikala sakafu yote, na sisi dada zake tukabanana mlangoni. Vitabu ambavyo mtu hawezi kuvimaliza maisha yake yote, tuliviona kwa jicho moja, kama unavyouona mji ukiwa juu ya kilima.

Rafu za ukunga zilikuwa nyeupe pee. Ndizo za kuondoka.

Alum akamuuliza, "Baba Lakica, kwani hao wakunga wenu wanazalisha kwa kubahatisha?"

Kesho yake alikwenda kukaa kando ya rafu zile. Vitabu vya ukunga haviruhusiwi kutoka nje, kwa hiyo wanafunzi walivisomea pale pale, na kwa adabu zao wakarudisha kila kimoja mahali pake. Ramani ilikuwa imehesabu vya kuazimwa tu. Akabandika tangazo: ukimaliza kusoma, kiache mezani. Kufika jioni meza hazikuonekana kwa vitabu.

Alichora upya. Pale peupe pakawaka rangi nyekundu kuliko kwingine kote. Mbele ya wakubwa alianza kwa kusema, "Ile ya kwanza nilikosea mimi." Rafu zikabaki.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Alifariki hospitalini tarehe 14 Juni 2024. Wiki yake ya mwisho alikuwa amemtuma Alum akaangalie rafu za ukunga.

"Ziko tupu," Alum alimwambia. "Vitabu vyote viko mezani, watu wameviinamia."

"Basi acha ziwe tupu," akasema, akalala.

Ameacha mjane, Alum. Watoto, Lakica na Okidi. Dada zake wawili. Na wakunga wengi wasiomjua hata kwa jina, ambao hata saa hii wanapokea watoto wa watu. Mungu ampumzishe kwa amani.