Majalada Mawili ya Mzee Kufuli

Ndugu, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu: wasifu huu aliutamka mwenyewe, kidogo kidogo, kwa siku sita za mwezi wa Aprili mwaka huu, akiwa amelala katika chumba cha uani. Aliyeuandika ni binti yake wa kwanza, mkunga, ambaye ndiye anayeusoma. Siku ya nne binti aliweka kalamu chini akasema, "Baba, haya si mambo ya kusomwa makaburini. Watu watatucheka." Marehemu akamjibu, "Waache wacheke. Wakiondoka, wataondoka wanajua. Andika."

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1949 katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nyuzi, mstari wa tatu, chumba cha mwisho karibu na bomba la maji. Alikuwa mtoto wa pili kati ya sita. Baba yake alikuwa mlinzi wa lango la kiwanda na mama yake alikuwa dobi.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1957 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1968. Hakuwa wa kwanza darasani, wala hakuwa wa mwisho. Alichojaliwa ni mwandiko. Walimu walimwita ubaoni kuandika ratiba, na barua za mtaa mzima zilipita mikononi mwake. Akina mama walimpenda kwa sababu aliziandika, akazikunja, na hakuna aliyewahi kusikia neno lililokuwemo.

Tarehe 3 Februari 1970 aliajiriwa kuwa tarishi katika ofisi ya halmashauri. Miaka minne baadaye alipandishwa kuwa karani wa masjala, na mwaka 1986 akawa mkuu wa masjala hiyo. Wengi wenu mnakijua chumba kile: chini ya ngazi, dirisha moja lenye nondo, kaunta ya mbao iliyolika ukingoni kwa viwiko vya watu. Rafu za kushoto zilikuwa na majalada ya watu: vizazi, vifo, watoto waliosaidiwa na ustawi wa jamii. Rafu za kulia zilikuwa na majalada ya majengo, leseni na ukaguzi. Hapo ndipo alipobatizwa jina la Kufuli, na jina lenyewe alilivaa kwa maringo.

Tarehe 18 Septemba 1976 alifunga ndoa na mama yetu, mpishi wa shule. Mama anasema mwaka wa kwanza wa ndoa alitaka kujua umri halisi wa dada yake, ambaye kila mwaka alikuwa akipunguza miaka miwili. Akamwomba mumewe achungulie daftari la vizazi. Marehemu akakataa katakata. "Nimelala naye kitanda kimoja tangu utotoni," mama akamaka, "leo wewe unanificha mimi?" Akajibiwa, "Basi muulize yeye." Kisa hicho kimesimuliwa kwenye kila harusi ya ukoo huu, na kila mara marehemu alikuwa akicheka pamoja nasi. Miaka ya mwisho aliacha kucheka. Sasa tunajua kwa nini.

Tarehe 13 Mei 1997 karakana ya kushona sare, ile iliyokuwa nyuma ya stendi, iliungua mchana kweupe. Watu watatu walikufa. Mmoja wao alikuwa mpiga pasi. Kabla hata majivu hayajapoa, mtaa ulikuwa umeshatoa hukumu: mpiga pasi aliacha pasi mezani akaenda kupiga soga. Mkewe, fundi cherehani, akabaki na watoto watatu ambao wenzao shuleni waliwaita watoto wa mchoma watu. Mkubwa aliacha shule akiwa darasa la sita.

Ripoti ya wakaguzi ilifika masjala tarehe 2 Julai mwaka huo huo. Ilikuja bila muhuri wowote, na hakuna mkubwa aliyeagiza ifichwe. Marehemu aliisoma yote akiwa amesimama. Ndani yake aliona kilichoanzisha moto, na akaona majina ya wakubwa wake wawili walioonywa mapema wakanyamaza. Akafungua droo, akatoa muhuri mwekundu wa SIRI, akaugonga kwa mkono wake mwenyewe. Maneno yake ni haya: "Hakuna aliyenituma. Niliogopa kuja kuulizwa ni nani aliyeiachia. Basi."

Wiki iliyofuata fundi cherehani alisimama kaunta.

"Mzee, nimeambiwa ripoti ya moto iko kwako."

"Hiyo ni siri ya serikali, mama."

"Siri kwa nani? Aliyeungua ni mume wangu."

"Lete barua ya mkurugenzi."

Alikwenda kwa mkurugenzi, akarudishwa masjala. Akapigwa danadana namna hiyo mara kumi na tatu. Marehemu aliijua idadi kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiandika daftari la wageni, na kila mara mbele ya jina la mama huyo aliandika: amehudumiwa.

Jambo la pili lilitokea Novemba 2001. Ndugu yetu mmoja alikuja nyumbani, akakaa sebuleni, akasema kuna posa katika ukoo na yeye hana raha na binti anayeposwa. "Funguo si unazo wewe? Chungulia tu, tusije tukaingia pabaya." Katika ukoo huu waliooa na walioposa ni wengi, kwa hiyo asianze mtu kuhesabu kwa vidole. Jumatatu marehemu alikataa. Alhamisi alilifungua jalada. Jioni yake, kabla kikombe cha chai hakijaisha, alikuwa ameshayamwaga yote.

Kilichokuwemo hakitasomwa hapa. Marehemu alisema hivi kwa ukali: "Fundi cherehani nimemuuliza, amekubali atajwe. Yule binti hajakubali. Usiandike jina, wala kazi, wala mtaa, wala kilichokuwemo jaladani." Inatosha kusema lilikuwa jambo la utoto wake, ambalo hakulitenda yeye, na ambalo wazazi waliomlea walikuwa hawajamwambia. Alilisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa watu waliofika kwao kuvunja uchumba. Watu hao ni sisi.

Marehemu alistaafu tarehe 31 Agosti 2004. Tulimfanyia sherehe, na mkurugenzi alimsifu kwa miaka thelathini na minne ya uaminifu. Mama anakumbuka kwamba aliporudi nyumbani alivua koti jipya alilopewa, akalikunja, akamwambia, "Mpe mtu." Mama alidhani halikumtosha.

Mwaka 2016 ilitoka sheria ya kumruhusu raia kuomba taarifa za serikali. Marehemu aliisikia redioni akiwa ananyoa ndevu. Ilimchukua miezi mitano kujikaza. Tarehe 9 Machi 2017 alikwenda kwenye kibanda cha fundi cherehani, akamwambia ukweli wote akiwa mlangoni. Yule mama hakuacha kukanyaga cherehani. Alipomaliza mshono ndipo akasema, "Kwa hiyo ulikuwa unaniangalia machoni, na unajua."

"Ndiyo."

"Mara zote?"

"Mara zote, mama."

Akafunika cherehani. "Twende."

Walikwenda pamoja. Karani mpya, kijana wa watu, alilitazama jalada akasema lina muhuri, haliwezi kutoka. Mbele ya foleni nzima marehemu akasema kwa sauti, "Muhuri huo niligonga mimi. Sikuwa na amri ya mtu. Andika hivyo, nitie sahihi." Karani akaandika, marehemu akasaini, huku waliowahi kufanya kazi chini yake wakimkodolea macho. Nakala ilitoka baada ya siku kumi na tisa. Fundi cherehani aliisoma palepale kaunta, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi.

"Kurasa tatu," akasema. "Mimi nilidhani ni kitabu."

Hakumwambia marehemu kwamba amemsamehe. Lakini tangu siku hiyo alipokea salamu zake.

Mwaka uliofuata marehemu alimtafuta yule binti. Alisafiri nusu siku, akabisha hodi. Mwanamke aliyefungua mlango alimsikiliza mpaka alipojitaja, kisha akamuuliza neno moja tu: "Mzee, nani amekupa anwani yangu?"

Anwani marehemu alikuwa ameichukua masjala, kwa rafiki yake wa zamani, kwa kuchungulia tu. Mlango ukafungwa. Alituambia, "Hata kuomba msamaha nilikwenda kwa wizi." Hakurudi tena wala hakuandika barua.

Juni 2021 alianza kuumwa. Wanaume wa ukoo huu huumwa tumbo, na tumbo hilo halina jina mpaka wazikwe. Yeye alitaka ugonjwa wake usemwe wazi: ilikuwa saratani ya tezi dume, na aliogopa kwenda kupimwa mapema. Wanawe na wadogo zake wamesikia. Alifariki dunia tarehe 6 Juni 2023, saa nne asubuhi, nyumbani, mama akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Aliomba maneno haya ya ukurasa wa pili wa ripoti yasomwe leo, kwa kuwa waliomhukumu mpiga pasi ndio haohao wanaohudhuria mazishi ya mtaa huu: "Moto haukuanzia kwenye meza ya kupigia pasi. Ulianzia kwenye sanduku la nyaya juu ya mlango wa stoo, ambalo wakaguzi walishaagiza mara mbili libadilishwe. Mpiga pasi alikutwa mlangoni mwa stoo, akiwa amewatoa wenzake wanne." Fundi cherehani amekaa mstari wa mbele, pamoja na mama. Mtakaokwenda kumpa mama pole, tunaomba mumpe na yeye, hata kama imechelewa miaka ishirini na sita.

Na yule ambaye hatukumtaja, ikiwa amekuja, tafadhali asitafutwe kwa macho.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, na wadogo zake watatu. Binti aliyeandika haya alitamani kuyapunguza, na usiku wa kuamkia leo amejaribu. Hakuweza. Tunamrudisha baba yetu kwa Mungu jinsi alivyokuwa, nasi tukiwa tumeinamisha vichwa. Mungu ampokee, ampumzishe.