Mama Clara na Mlango wa Kushoto

Tarehe 31 Mei, Bi. Prudensia Rwechungura, Mama Clara kwetu sote, anastaafu baada ya kulinda mlango wa kushoto wa jumba letu la opera kwa miaka kumi na tisa, hapa mtaa wa soko la zamani, Dallas.

Alianza mwaka 2006, akitoka kupanga maboksi ghalani kule Grand Prairie. Kila siku alipitia kwanza maduka ya sokoni, ndipo akaingia kazini na koti jeusi, tochi na mfuko wa bamia. Mimi alinipokea mwaka 2014 akanifundisha sheria moja: muziki ukianza, mlango haufunguliwi mpaka mapumziko. Jamani, hakuwa na utani na hilo! Siku moja mfadhili wetu mkubwa alichelewa dakika mbili. Mama Clara alimkalisha kwenye benchi la nje, akammenyea chungwa, na mzee wa watu akakaa hapo sehemu nzima ya kwanza. Siku hizi anawahi kuliko sisi.

Lakini miaka yote hiyo, yeye mwenyewe hakuwahi kuketi ukumbini akatazama onyesho hata moja. Waimbaji aliwajua kwa sauti tu, akiwasikia kupitia mlangoni. Mara ngapi aliniomba nimshikie zamu, nami nikamwambia wiki ijayo! Naona aibu hata kuliandika.

Jumapili iliyopita mchana, hatimaye, tulimpa tiketi ya onyesho la mwisho la msimu, safu ya tatu. Mlango nilishika mimi. Naye akapitia sokoni kuaga. Kuaga kwetu si kupunga mkono. Kila duka alikaribishwa kiti, akaulizia watoto, akaulizwa wajukuu, akafungiwa chochote cha kubeba. Alifika na gauni jipya na mifuko mitano, muziki ukiwa umeanza dakika nne zilizopita. Na onyesho lile halikuwa na mapumziko.

Nilishika kitasa nifungue. Akaniondoa mkono taratibu, akaketi kwenye benchi lile lile, akasikiliza mpaka mwisho. Nililia mimi, yeye hakulia.

Mama Clara, asante kwa kutulea. Utuwie radhi kwa zile wiki zijazo zote. Sasa unahamia Houston kwa binti yako, na huko nako kuna opera. Tumeshazungumza na Clara: tiketi anayo, na atakupeleka moja kwa moja bila kupitia sokoni. Tunakuombea maisha marefu na mema, upande wa ndani wa mlango.

Wilfred Kipngeno, mlango wa kushoto