Vidonge vya Mzee wa Kitanda cha Pili

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, dada mmoja fundi cherehani alikuwa akimweleza mama mtu mzima aliyeketi naye kwamba anakwenda kwa wakili. Katika makao ya wazee anakoishi baba yake, muuguzi alimpa baba huyo kimakosa vidonge vya kisukari vya mzee wa kitanda cha pili. Baba hana kisukari. Alianguka bafuni, akakimbizwa hospitali.

"Pole, mwanangu. Na mwenyewe anasemaje?"

"Anasema nisimshtaki mtu. Eti muuguzi yule ndiye pekee anayecheka vichekesho vyake."

"Basi muuguzi maskini ana kazi mbili," mama alisema. Nikageukia dirishani nisionekane nikitabasamu.

"Mama, angekufa."

"Najua. Nami nimeuguza watu miaka mingi. Fidia ni haki yenu, lakini peleka malalamiko wizarani kwanza, makao yakaguliwe. Kuna wazee wengine humo."

"Na baba akininunia?"

"Atanuna tu. Wazee wetu hununa hata chai ikichelewa."

Dada alicheka huku akifuta macho. Basi likasimama karibu na ofisi za mawakili. "Kuna anayeshuka?" kondakta akauliza. Dada akazitazama ofisi zile dirishani. Mama akasogeza magoti pembeni, ampishe.