Santuri Iliyokuja na Mashine

Ukitaka habari ya mtu yeyote wa mtaa wetu wa Hay Mohammadi, usihangaike kwenda kwake. Kaa kwenye benchi la Volti, utaipata na chumvi yake. Benchi lenyewe ni mbao mbili juu ya matofali, mbele ya kibanda ambamo Volti hutengeneza feni na pasi, nyingine akazimaliza kabisa. Kahawa hutoka kwa Kaddour, ng'ambo ya kichochoro, nusu kahawa nusu maziwa. Alasiri hiyo glasi zilikaa chini, maana katikati ya benchi palikuwa na mashine ya santuri, kuukuu, nzito, ya aina ile ambayo mota imeshikana na sahani yenyewe. Ni Miloud aliyeitoa sokoni Derb Ghallef, kwenye mitumba. Akaifungia sindano mpya, akainunulia na mpira mpya wa kulazia santuri, na bado ikawa haiimbi sawasawa. Santuri alikuwa nayo moja tu. Aliyeimba humo ni Mbarka, mama yake mzazi, aliyefariki kule mji wa Safi kwenye baridi iliyopita. Benchini hakuna aliyejua, na Miloud hakutaka wajue.

Mbarka alikuwa shikha, mwimbaji wa kukodiwa harusini, wale ambao watu huwapigia makofi usiku na kuikwepa salamu yao asubuhi. Miaka yote Miloud amesema mama yake alikuwa mshonaji. Ndivyo alivyomwambia mkewe, ndivyo alivyowaambia wenzake wa ofisini bandarini, na mwezi huu kamwambia hivyo Si Tahar, yaani Bwana Tahar, ambaye mwanawe anamposa binti wa Miloud. Hapo benchini Si Tahar wanamwita Mufti, kwa vile hakuna jambo asilolitolea hukumu. Na ndiye huyo amekaa kulia kwa Miloud, anapuliza kahawa.

— Inavuma, akasema Volti, sikio limegusa spika. Mmmmm. Mnasikia? Nyuki watupu.

— Mota imezeeka, akahukumu Mufti.

— Izeeke wapi, wewe mzee! Ni huu waya wa ethi. Umeachwa unaning'inia kama kamba ya kaptula.

Akaubana nyuma ya amplifaya. Mvumo ukakatika. Volti akawatazama mmoja mmoja, akingoja sifa, hakuzipata.

Miloud akaweka santuri kwa mkono wake mwenyewe, maana hakumruhusu mtu kuigusa. Sauti ikatoka, ikapanda, ikayumba, kisha ikazama mpaka ikawa ya mwanamume mwenye mafua.

— Lo! Shikha ana ndevu huyu! Volti akajipiga paja.

— Badilisheni mkanda wa mota, akasema Kaddour, aliyekuja kukusanya glasi.

— Hii haina mkanda, Kaddour, akasema Volti.

— Si ndiyo hapo! Wameuiba.

— Haikuzaliwa nao, jamani! Mota inazungusha sahani moja kwa moja. Utaibaje kisichokuwepo?

— Mimi nasema ni tramu, akasema Mufti. Kila ikipita inavuta umeme wote wa mtaa. Friji yangu siku hizi inapumua kwa shida.

— Tramu wapi, akasema Volti. Humo chini ya sahani mna sumaku, na sumaku inanasa simu. Zimeni simu zenu!

Wakazima. Hata Kaddour akazima, na wateja wake wanamsubiri. Sauti ikayumba vile vile.

— Mashine imetoka Japani hii? akauliza Kaddour.

— Ndiyo.

— Basi acheni kuitesa. Kule saa hizi ni usiku. Ina usingizi.

Wakacheka, Miloud naye akacheka, lakini macho yake hayakutoka kwenye sindano.

— Na santuri yenyewe ya nani? akauliza Mufti.

— Ilikuja na mashine, akasema Miloud, haraka mno.

— Afadhali. Maana mtu wa heshima hawezi kufuga shikha nyumbani. Wanawake wa kubandikwa noti kwenye paji la uso! Nilipoambiwa marehemu mama yako alikuwa mshonaji, nilimwambia mwanangu, hapo ingia, hapo pana nyumba.

— Kweli kabisa, Si Tahar, akasema Miloud. Wanawake gani wale.

Alijisikia akiyasema. Akajichukia papo hapo, na hakuyarudisha. Uso ulimwaka mpaka masikioni, akainama kujifanya anatazama waya.

Sindano ikaruka. Volti akatoa sarafu mfukoni, akaibandika juu ya kichwa cha sindano.

— Dawa ya kuruka hii. Marehemu baba alikuwa...

— Toa! Miloud akaikwapua. Utaichimba!

— Santuri ya bure hiyo, unaililia nini?

— Sindano ni mpya, akasema Miloud, na hakumtazama mtu.

Akazungusha mwenyewe lile jiwe dogo la uzito nyuma ya mkono wa sindano, taratibu, mpaka sindano ikatulia ndani ya mfereji wake. Kuruka kukaisha. Kuyumba kukabaki.

— Labda hicho kitelezi cha kurekebisha mwendo, akasema Mufti.

— Kitelezi kizima! Volti sasa alikuwa amepandwa na hasira. Ona! Naongeza, napunguza. Naongeza, napunguza. Kuna kitu? Nani fundi hapa, mimi au wewe?

Akakisukuma juu na chini kwa fujo, huku anabishana, na uchafu wa miaka ukasagika humo ndani bila yeye kujua. Alipokiachia, sauti ilikuwa imenyooka.

Fidla ikatangulia, ngoma ikafuata, halafu Mbarka akaita. Sauti pana, yenye mkwaruzo, ya kutoka kifuani, ile ile aliyomwitia Miloud uani aje kula. Hata Volti alisahau kujisifu.

— Allah, akasema Mufti polepole. Marehemu baba alikuwa akiuimba wimbo huu akifunga punda. Jamani, mwanamke huyu!

Akajifuta macho kwa mkono wa kanzu yake ya jelaba. Miloud aliona. Akajua kwamba ni sasa, aseme ni mama yangu, Si Tahar, huyo ni mama yangu. Ulimi ukakataa. Maana angeanzaje, baada ya yale aliyokwisha kuyasema?

Mama mmoja akapita, ubao wa mikate kichwani, anatoka kwenye tanuri la mtaa. Akasimama.

— Nani huyu anaimba?

— Hatumjui, lalla, akasema Volti. Alikuja na mashine.

— Yu hai?

— Santuri ilivyo kuukuu, atakuwa ametangulia, akasema Mufti.

— Sasa mmekaa mnamsikiliza bure? Si mumwombee. Anaitwa nani?

Mufti akaona ni haki. Akaweka glasi chini, akakunjua viganja.

— Ewe Mola, mrehemu mja wako... Akakwama, akamgeukia Miloud. Wewe ndiye uliye karibu. Hiyo karatasi ya katikati imeandikwa jina gani?

Miloud akainama juu ya santuri. Jina lilikuwepo, linazunguka, Mbarka, Mbarka, na kila likipita alilisoma.

— Limefutika, akasema.

— Masikini, akasema yule mama. Hana hata wa kumtaja.

— Basi, ewe Mola, akaendelea Mufti, mrehemu mja wako huyu, ambaye hapa hakuna anayemjua.

— Amina, akasema Volti.

— Amina, akasema Kaddour.

Miloud naye akainua mikono, akasema amina pamoja na wengine.