Sista Asnakech na Chumba cha Alhamisi

Tarehe thelathini ya mwezi wa Sene, kwa kalenda yetu ya Ethiopia, Sista Asnakech Woldeyes anavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na miwili katika hospitali yetu hapa Debre Markos. Wengine hustaafu wamechoka. Yeye anastaafu ana hasira, na sisi anaotuachia hasira hiyo tunaipokea kwa mikono miwili.

Alianzia wodi ya watoto. Huko ndiko alikowajua wasichana wenye Turner, waliozaliwa na kasoro kwenye kromosomu moja: wafupi, hawavunji ungo bila dawa, na moyo, masikio na mifupa yao huhitaji kuangaliwa maisha yote. Maisha yote, jamani, si mpaka miaka kumi na minane! Lakini utaratibu wetu ulikuwa huo. Ukitimiza kumi na minane faili linafungwa, unapewa mkono wa kwaheri. Uende wapi? Hakuna aliyejua, wala aliyejisumbua kuuliza.

Yitayish, mmoja wa wasichana hao, alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, na faili lake lilikuwa limefungwa zamani. Asubuhi moja alifika getini ameshika kifua. Mlinzi akamtazama kimo, uso hakuutazama. "We mtoto, kwa watoto ni kule. Mama yako yuko wapi?" Akapangwa foleni nyuma ya watoto wachanga wenye kikohozi. Aliposema yeye ni mtu mzima na anaumwa vibaya, muuguzi wa zamu akacheka: "Haya bibi, kaa hapo usubiri zamu yako." Sista Asnakech alipopita na kumtambua, mshipa mkubwa wa moyo ulikuwa umeshachanika. Alimfia mikononi. Mshipa ule ungekuwa ukiangaliwa, ungeonekana unatanuka mapema.

Siku hiyo Sista alisimama getini akafoka mpaka wagonjwa wa meno wakasahau meno yao. "Hiyo rula mnayopimia umri wa watu mmepewa na nani?" Wiki iliyofuata alitoa vitanda vibovu kwenye stoo iliyo karibu na maabara, akafagia, akatangaza kwamba kila Alhamisi chumba kile ni cha wanawake wazima wenye Turner. Kibali kilikuja baadaye, kwa aibu. Akamganda daktari wa moyo wa Bahir Dar mpaka akakubali kuja kuwapima. Na humo ndani hukuulizwa vidonge tu. Uliulizwa unasikiaje, unalalaje, kazini wanakuitaje, mumeo anakutendeaje. Mama mkwe mmoja aliyekuja kudai wajukuu alitolewa nje akiwa bado anahesabu ng'ombe wa mahari.

Tusimsahau binti mmoja kutoka Bichena aliyepelekwa na mama yake kwenye maji ya baraka ya kanisa, bondeni wanakooga wagonjwa, ili apate mtoto, akaambiwa kule aweke dawa zake zote kando. Sista alishuka kule bondeni kwa miguu, akaenda moja kwa moja kwa kasisi.

"Binti yangu, umekuja kuoga au kugombana?" kasisi akamuuliza.

"Vyote viwili, Baba. Nianze na kipi?"

Akaoga kwanza, akatoka akitetemeka kama kifaranga, kisha akagombana. Mpaka jioni kasisi alikuwa anawaambia wanawake wote wamezee vidonge vyao maji yale yale ya baraka. Sista akarudi kazini na mafua ya wiki nzima, na hakukubali kupewa pole.

Mimi Enanu wa maabara, ninayeandika haya, ni mmoja wa wanawake wa Alhamisi. Damu zenu zote hupimwa na mkono huu, na mwezi uliopita mlinzi mpya aliniuliza kama nimepotezana na mama. Nikiwa hai leo kuudhika, ni kwa sababu ya Sista.

Sasa sikilizeni. Chumba cha Alhamisi kinafungwa siku ile ile anayoondoka. Hakuna muuguzi aliyepangwa kumpokea. Vitawekwa humo viti vya mikutano. Viti! Kwenye kikao Mkurugenzi wetu alisema, "Hao si wagonjwa, ni wafupi tu." Tulikuwepo, tulisikia, na mimi nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka kwake. Ametufanya wajinga wote.

Kwa desturi ya hapa, wasifu wa mstaafu husomwa na Mkurugenzi, naye hajawahi hata mara moja kuupitia kabla ya kupanda jukwaani. Basi, Mkurugenzi, umefika hapa. Usiruke mstari, watu wana nakala mikononi. Inua macho. Safu mbili za mbele ni wanawake wa Alhamisi, wengine wametoka Bichena tangu alfajiri. Waambie Alhamisi ijayo waende wapi. Tunasubiri.

Ukishawajibu, ndipo usome haya: Sista Asnakech, asante kwa kila mwanamke uliyemtazama uso. Tunakutakia maisha mema, wewe na wao.

Kama huna jibu, usiyasome. Mpe Sista kipaza sauti.