Éphraïm Lukeba (1940–2005), Karani wa «Nani Alisema?»

Mara ya kwanza nilipoenda kwa marehemu, mwezi wa nane mwaka 2001, nilikuwa na bidoni mbili za mawese na ombi moja. Nilitaka aniandike katika ukoo wa Lukeba kama mtoto wa mdogo wake, Mardochée. Aliyanusa mawese, akasema ni mazuri. Kisha akauliza, «Nani alisema?»

«Mama yangu, Kadidja.»

«Alisema mbele ya nani?»

«Karani, mama alishakufa. Unataka nimufufue akuje kushuhudia?»

«Hapana. Nataka mutu mwengine aliyesikia. Na bidoni zako uzibebe. Muliango ni ule ule ulioingilia.»

Mimi nimeishi kwa kupatana bei, tangu soko la Minago mpaka hapa Rumonge, na huyu ndiye mtu pekee ambaye hakupunguza hata kidogo. Familia imeniomba nisome wasifu wake. Nitausoma kwa desturi yake, kila jambo na chanzo chake.

Marehemu alizaliwa Baraka, Kongo, tarehe 2 Novemba 1940. Chanzo ni kadi yake ya ubatizo. Mama yake alikuwa akisema ni mwaka wa nzige, lakini marehemu alikataa kuliandika hilo, kwa sababu nzige walikuja zaidi ya mwaka mmoja.

Alisoma miaka sita katika shule ya misheni huko huko, akamaliza mwaka 1955. Cheti chake kiliungua katika vita vya 1964. Kwa hiyo aliagiza tuseme hivi: inasemekana alikuwa wa pili darasani. Aliyesema ni yeye mwenyewe, na mwenyewe si shahidi.

Mwaka huo wa 1964 alivuka ziwa pamoja na Mardochée, wakafikia Rumonge. Alivua ndagala miaka minne. Kuanzia 1968 hadi 2000 alikuwa karani wa kanisa, akiandika vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi. Oktoba 1993, watu walipokuwa wakikimbia mauaji, alifunga vitabu vinne katika plastiki, akavizika katika shamba la mihogo kule Gatete. Mama Bora, mke wake, husema mpaka leo, «Aliokoa majina ya watu, akaacha masufuria yangu.» Masufuria hayakuonekana tena. Vitabu vipo.

Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1969. Chanzo ni kitabu cha pili, ukurasa wa 41. Siku hiyo bwana harusi ndiye aliyekuwa karani. Aliandika mstari wake mwenyewe, kisha akakataa kutoka kanisani mpaka mchungaji atie sahihi kando yake, na bibi harusi akingoja mlangoni. Walijaliwa watoto wanne. Wawili wametangulia.

Mwanzoni mwa 2001, mtoto wake Ange, anayeishi Lyon, alifungua ukurasa kwenye intaneti ili ukoo wote, wa Rumonge, Uvira, Kigoma na ng'ambo, uandike mti wa familia pamoja. Kila mmoja akaweka alichopenda. Mmoja alimfanya babu kuwa chifu. Mwingine alimwongezea wake watatu. Ange akamwomba baba yake aweke sheria, naye akaziweka. Jina lisiingie bila chanzo. Aliyeona asichanganywe na aliyesikia. Neno la ndugu lisifutwe: andika lako pembeni, na sababu yake. Pasipo na shahidi, andika «inasemekana». Kila mwezi alipanda gari la kwenda Bujumbura, nyuma ya wanajeshi kwa kuwa barabara ilikuwa ikishambuliwa, daftari likiwa ndani ya shati, akaandike kwenye siber, duka la intaneti.

Jina langu aliliweka, na «inasemekana» mbele yake.

Mardochée aliuawa barabarani mwaka 1996, akaacha michikichi arobaini na miwili kule Gatete. Katika vitabu vya kanisa hakuwa na mtoto. Ukoo ulikubaliana kuigawa kwa kufuata ule mti wa intaneti. Tarehe 12 Julai 2003 nilienda kwenye kikao. Binamu mmoja wa Kigwena aliniambia, «Rafiki, *inasemekana* haipandi muchikichi.» Walicheka. Marehemu alikaa mbele, akaniangalia, akanyamaza. Michikichi ilikwenda kwa wengine. Tangu siku ile sikumsalimu kwa miezi kumi na tisa, hata tulipokutana uso kwa uso sokoni.

Ugonjwa wa sukari ulimpata 2002. Mwishoni mwa 2004 miguu ilivimba, na daktari alisema figo zimechoka. Tarehe 24 Februari mwaka huu, Mama Bora akimkataza, alipanda gari la Bujumbura kwa mara ya mwisho. Aliporudi alishushwa akibebwa, wala hakusimama tena. Akamtuma binti yake Chanceline kuniita.

Alinipa daftari. Ukurasa ulikuwa wa tarehe 3 Juni 2003, zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kikao. Mama Biasha wa Minago, jirani ya mama yangu, alisema aliona kwa macho yake Mardochée akileta samaki sangala nyumbani kwa Kadidja, akanipakata, akasema, «Huyu ni wangu. Mukimukatala, mumenikatala mimi.» Chini yake palikuwa na maneno mengine ya Biasha: «Usiniandike, Karani. Wenye kuandika majina walipitaga hapa zamani. Na walirudi.» Na chini kabisa, mwandiko wa marehemu: *Nimemwahidi. Asitajwe akiwa hai.*

Biasha alifariki kwa uzee tarehe 9 Februari, juu ya mkeka wake. Ndipo marehemu alipokwenda Bujumbura kuliandika jina lake kwenye mti, kuwa chanzo cha langu.

Nilimwambia, «Karibu miaka miwili umetembea na baba yangu mufukoni.»

Akajibu, «Nilitembea na Biasha. Baba yako alishakufa. Hakuna wa kumuua tena.»

«Ungesema tu, bila kutaja jina lake.»

«Wangeniuliza nani alisema. Ningewajibu nini, mimi niliyeweka sheria?»

Siku hiyo nikaanza kumwita baba mkubwa.

Alifariki Jumatano tarehe 16 Machi 2005, saa nne asubuhi. Chanzo ni mimi, nilikuwepo.

Hesabu yetu iko hivi. Mimi nilikosa michikichi arobaini na miwili, na haitarudi, kwani iliyokwisha kugawanywa haigawanywi tena. Nilipoteza pia miezi kumi na tisa ya kumwita baba mkubwa, na nikamwita hivyo siku ishirini tu. Yeye alipoteza salamu yangu, na safari ile ya mwisho ilimmaliza. Biasha alipata kufa kwake mwenyewe. Nimeigeuza hesabu hii kila upande, sijaona mwenye faida mwingine.

Marehemu ameacha mjane, Mama Bora, watoto wawili, Chanceline na Ange, wajukuu saba, na mtoto mmoja wa mdogo wake. Baba mkubwa, lala kwa amani, na udongo wa Rumonge usikulemee.

Amesoma Amissi, mwana wa Mardochée Lukeba. Aliyesema ni Biasha wa Minago, aliyeona.